Kusubiri Kama Sehemu ya Matokeo: Maombi ya Mafao ya Ulemavu Nchini Marekani

Utangulizi

Tathmini nyingi za hifadhi ya jamii huhesabu waombaji waliokubaliwa na waliokataliwa, na kuuchukulia muda wa kusubiri kuwa suala la utendaji wa ofisi tu. Kwa kurejelea bima ya ulemavu ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1956, makala haya yanaeleza kwamba muda huo ni sehemu ya matokeo yenyewe.

Ngazi za uamuzi

Mwombaji, ambaye sharti awe amechangia mfuko kupitia kazi, hutakiwa kuthibitisha kwamba hawezi kufanya kazi ya kipato kinachofikia kiwango kilichowekwa, na kwamba hali yake inatarajiwa kudumu angalau miezi 12 au kusababisha kifo. Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii hupokea maombi, na ofisi za majimbo hupima ushahidi wa kitabibu. Wengi hukataliwa katika ngazi hii. Aliyekataliwa hupewa siku 60 za kuomba mapitio. Akishindwa tena, anaweza kusikilizwa na jaji wa masuala ya utawala, kisha kwenda Baraza la Rufaa na hatimaye mahakama ya shirikisho. Kila ngazi ina foleni yake. Mwaka 2017, wastani wa kusubiri uamuzi wa jaji pekee ulikuwa takriban siku 600.

Gharama ya kusubiri

Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwombaji akifanya kazi inayozidi kiwango cha kipato, huhatarisha ombi lake. Asipofanya, stadi zake hufifia. Utafiti wa Autor, Maestas, Mullen na Strand wa mwaka 2015 ulibaini kwamba uamuzi unapochelewa, ajira na kipato cha waombaji hupungua kwa miaka kadhaa baadaye. Ripoti ya Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba karibu waombaji 110,000 waliokata rufaa kati ya 2008 na 2019 walifariki kabla ya uamuzi wa mwisho, na takriban 48,000 waliomba kutangazwa muflisi wakiwa wanasubiri kati ya 2014 na 2019. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba ucheleweshaji ndio uliosababisha vifo. Zinathibitisha kwamba haki iliwafikia baadhi ya watu wakiwa hawapo tena. Malimbikizo hulipwa baada ya ushindi, lakini hayarudishi nyumba iliyokwisha kuuzwa.

Hitimisho

Tangu 2008, Mamlaka huharakisha maombi ya wenye maradhi mazito yanayotambulika upesi, zikiwamo baadhi ya saratani. Njia hiyo haiwasaidii wenye maumivu sugu au maradhi ya akili, ambao ushahidi wao hukusanywa polepole. Kwa hiyo, nchi zinazobuni mafao ya aina hii zinapaswa kupima muda kuanzia siku ya ombi hadi uamuzi wa mwisho, badala ya kupima kila ngazi peke yake, na kuwahesabu pia waliofariki au kukata tamaa njiani.