Pevingi Iwe ya Mwisho

Nyumba nyingi mpya za pembezoni mwa Dar es Salaam, Goba, Chanika au Kigamboni, humaliziwa nje kwa utaratibu uleule. Bati likishapauliwa na rangi ikishapigwa, kinachobaki mfukoni hugawanywa kati ya ukuta wa uzio, geti na pevingi, na pevingi hutandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka mwembe uliokuwapo kabla ya kiwanja kupimwa unaachiwa kitundu cha upana wa sinia. Nadhani utaratibu huo umegeuzwa juu chini. Uwanja wa nyumba ni suala la maji kwanza, kivuli baadaye, na sakafu ya kukanyagia mwisho kabisa, tena kwa eneo dogo kuliko fundi anavyoshauri. Fundi analipwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo si ajabu akiona kila mita inastahili kufunikwa.

Tuanze na hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, nyumba yenye paa la mita za mraba 180, na mvua moja ya milimita 60, ambayo wakati wa masika hapa pwani haimshangazi mtu. Paa peke yake linamwaga lita 10,800. Ukitandika pevingi mita za mraba 350, unaongeza lita 21,000. Hata tukikubali kwamba sehemu moja ya kumi inapotea njiani, zaidi ya lita 28,000 zinatafuta pa kutokea ndani ya saa chache. Lakini pevingi ikibaki mita 80 tu, yaani njia ya gari na ya miguu, maji ya paa na sakafu kwa pamoja ni lita 15,600, na tangi la lita 5,000 lililounganishwa na gata linapokea karibu theluthi ya hizo. Mvua inayoangukia uwanja uliobaki, kama udongo ni wa kichanga na una majani, nyingi itazama hapohapo. Wapo wanaojibu kwamba pevingi nayo hunyonya, kwa kuwa vitofali vimeachiwa viungo vya mchanga. Ni kweli kwa muda mfupi. Vumbi laini huziba viungo hivyo, na chini yake kuna moramu iliyoshindiliwa makusudi ili gari lisizame. Maji hayapiti kirahisi mahali palipotengenezwa pasititie.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, huonekana ukutani. Juu ya msingi, kwenye usawa wa jamvi, fundi mzuri huweka kizuizi cha unyevu, nailoni nzito au tabaka la lami, ili maji ya ardhini yasipande kwenye tofali. Kizuizi hicho kinatakiwa kiwe walau sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi ya nje. Sasa piga hesabu ya pevingi: moramu sentimita 10 au zaidi, mchanga sentimita 3 hadi 5, kitofali chenyewe sentimita 6. Usipochimba kwanza na kutoa udongo, uwanja umepanda kwa sentimita 20 na kizuizi kimefukiwa. Unyevu unaingia kwenye tofali juu yake, unapanda, unakauka upande wa sebuleni na kuacha chumvi. Rangi inavimba na kubanduka, plasta inamung'unyika ukiigusa kwa kidole, na mwenye nyumba anamlaumu muuza rangi. Atapaka upya, na masika yajayo chumvi itarudi, kwa sababu tatizo liko nje, chini ya pevingi aliyoilipia. Dawa yake ni kushusha ardhi kabla ya kutandika chochote, na kuilaza ikimbie nyumba: sentimita 15 za mteremko katika mita 3 za kwanza zinatosha.

Pingamizi linalosikika sana ni la usafi. Wazee wetu walifagia uwanja mtupu kila alfajiri, na pevingi, wanasema watu, ni uwanja uleule uliofagiliwa, ila hauna tope. Hoja hii ina uzito, na siitetei ardhi tupu. Tone la mvua likigonga udongo usiofunikwa hurusha tope hadi ukutani. Ule mstari mwekundu unaouona chini ya kuta nyeupe ndio ushahidi. Ila kati ya ardhi tupu na pevingi kuna mengi. Kokoto pembeni mwa ukuta, pale maji ya paa yanapodondokea kama hakuna gata, huzuia tope na kuruhusu maji kuzama. Nyasi za Pemba hufunika ardhi na kuistahimili miguu ya watoto. Kwenye njia ya gari vipo vitofali vyenye matundu ya kuoteshea majani. Nyoka? Nyoka hufuata panya na maficho, na maficho bora katika nyumba mpya ni lundo la matofali yaliyobaki na mbao za ujenzi nyuma ya jiko, si majani yaliyokatwa vizuri. Kuhusu mbu, wale wanaoeneza dengi, ugonjwa uliolikumba jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya makopo, matairi na visahani vya maua. Uwanja wa pevingi tupu, unaopambwa kwa vyungu, huwapa mbu hao makazi ambayo bustani ya ardhini haiwapi.

Lipo na jibu la mkato: maji yakishatoka getini si yangu. Itakuwa uongo kusema pevingi ndizo zilizoleta mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini. Mvua ilikuwa kubwa mno na mabonde yalikuwa yamejaa nyumba. Lakini mtaa wa vumbi usio na mfereji haujui kubagua. Maji ya nyumba ishirini huchimba korongo mbele ya nyumba ya ishirini na moja, na baada ya misimu kadhaa gari la mwenye pevingi nzuri nalo halifiki getini.

Kivuli nacho kinapimwa vibaya. Hapa karibu na ikweta jua la mchana liko juu ya paa. Kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi, hasa magharibi, ambako jua la saa kumi hupenya chini ya ukingo wa paa. Mti upandwe huko. Miashoki iliyopangwa mbele ya geti ina urefu lakini kivuli chake ni chembamba; mwarobaini au mwembe hufanya kazi zaidi. Uachiwe mita 5 au 6 kutoka ukutani, na uwe mbali na shimo la choo. Udongo wa nyumba mpya umeshindiliwa na kujaa mabaki ya saruji, kwa hiyo kifusi kitolewe, ardhi ilegezwe kwa sululu hadi sentimita 30 na kuchanganywa samadi, kisha mche uingie masika yanapoanza, ili mvua ibebe sehemu kubwa ya kazi ya kumwagilia. Miche, samadi na siku mbili za kibarua hulipika kwa kupunguza mita chache tu za pevingi kwenye makadirio ya fundi.