Udongo Mwekundu Si Mmoja

Msomaji wa gazeti letu, ukiulizwa udongo mwekundu una rangi gani, bila shaka utamcheka aliyeuliza. Hata mimi ningecheka kabla ya likizo ya Desemba.

Likizo hiyo nilikuwa kwa bibi yangu huko Ngarambe, Rufiji. Ukuta wa mbele wa nyumba yake ulikuwa umebanduka, na harusi ya shangazi ilikuwa karibu. Bibi aliniagiza udongo wa kichuguu kilicho nyuma ya nyumba. Kichuguu ni kigumu, nami kwa uvivu nikachota udongo uliokwisha chimbwa kando ya njia, kwani ulikuwa mwekundu vile vile. Ulipokuwa mbichi hapakuonekana tofauti. Ulipokauka, ukuta wote ulielekea rangi ya machungwa, na kiraka changu kilikuwa damu ya mzee. Bibi akatazama, akasema, "Mume wangu, nyumba umeitia kidonda." Wageni wa harusi walikikuta pale pale.

Nilirudi shuleni na udongo wa aina zote mbili, nikauliza na kusoma. Wekundu wa udongo ni kutu ya chuma, iitwayo hematiti. Chembe zake zikiwa ndogo mno, wekundu huelekea machungwa. Zikiwa kubwa zaidi, huelekea zambarau. Tena udongo mwingi una kutu ya pili, ya manjano, iliyoshika maji ndani yake, nayo ni gethaiti. Hiyo huuvuta wekundu upande wa machungwa. Wachoraji huuita wekundu wa machungwa rangi ya joto, na ule wa zambarau rangi ya baridi. Katika fizikia mambo ni kinyume: mwanga wa mshumaa, ulio wa manjano na wekundu, ni kama kelvini 1,900, na mwanga mweupe wa jua la adhuhuri ni kama 5,500. Nilibishana na mwenzangu bwenini juu ya jambo hili mpaka taa zikazimwa, kumbe kila mmoja alikuwa na haki yake.

Kulinganisha udongo mkavu kwa macho tu hakutoshi. Utwange, uchekeche kwa kitambaa, kisha changanya kijiko kimoja na vijiko vinne vya chokaa na maji. Chokaa ndiyo msema kweli. Udongo wa kichuguu ulitoa rangi ya papai bivu. Ule wa njiani ulitoa rangi ya ufizi. Paka zote juu ya karatasi moja, zikauke, uzitazame mchana kivulini. Usizitazame kwa taa ya manjano, maana huzitia zote joto zisilokuwa nalo.

Mpishi wetu aliniruhusu kuchoma udongo wa manjano kigaeni. Kwenye joto la nyuzi kama 300 gethaiti hutoa maji yake ikawa hematiti, na udongo wangu ukawa mwekundu. Moto ukizidi sana chembe hukua, na wekundu huelekea baridi.

Kungoja kiraka kipauke ni bure. Kutu hii haipauki kwa jua: michoro miekundu ya miambani huko Kolo, Kondoa, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ingali yaonekana. Kwa hiyo likizo ijayo nitakibandua. Kichuguu bado kipo, na bibi ameniagiza nije na sururu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne