Tundu la lenzi huamua nani aonekane

Picha ya ukoo siku ya harusi huwa na safu tatu: watoto wamechuchumaa mbele, wazee wameketi katikati, vijana wamesimama nyuma. Mara nyingi huharibika kwa namna ileile. Bibi na bwana harusi wametoka vizuri mno, lakini nyuso za waliosimama nyuma zina ukungu. Kamera haikuwa mbovu, wala mkono wa mpiga picha haukutetemeka. Tatizo ni tundu la lenzi, ambalo wenye kazi yao huliita apecha: liliachwa wazi kupita kiasi.

Tundu hilo limezungukwa na vibati vyembamba vinavyosogea kulipanua au kulibana. Ukubwa wake huandikwa f/1.8, f/4, f/16 na kuendelea, na anayejifunza hushangaa kwamba namba ikipanda tundu linapungua. Hapana ajabu, maana hizo ni sehemu za hesabu. Herufi f ni urefu wa fokasi, ile namba ya milimita iliyochapwa kwenye lenzi. Kwa lenzi ya milimita 50, f/2 ni nusu yake, yaani tundu la kipenyo cha milimita 25. F/4 ni robo, milimita 12.5, f/8 ni thumni, milimita 6.25. Nusu ni kubwa kuliko thumni, basi.

Ngazi kamili hupangwa hivi: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila ukipanda ngazi moja, mwanga unaoingia hupungua kwa nusu. Namba haziongezeki maradufu kwa sababu mwanga hupita katika eneo la duara, na kipenyo kikigawanywa kwa 1.4 hivi, eneo hubaki nusu. Ndiyo maana kutoka f/4 hadi f/8 hupotezi nusu ya mwanga, bali robo tatu yake.

Wengi huishia hapo: giza likiingia, fungua tundu. Lakini tundu lina kazi ya pili, nayo ndiyo inayopaswa kuamua. Linapanga ni umbali gani, mbele na nyuma ya pale ulipolenga, utakaoonekana dhahiri. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye sensa (kipokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24. Ukimpiga mtu aliye mita 2 kutoka kwako kwa f/1.8, eneo lililo dhahiri lina kina cha sentimita 17 hivi. Uso unatosha, na ukuta wenye mabango nyuma yake unayeyuka. Kwa picha ya mtu mmoja hiyo ni neema. Sasa rudi hadi mita 5 upige ukoo kwa f/1.8 ileile: unapata kina cha mita 1 tu na kidogo, wakati safu tatu zenye viti huhitaji karibu mita 2. Bana hadi f/8 na kina hicho kinazidi mita 6. Kila mtu ameingia.

Gharama yake ni mwanga, unaopungua mara 20 hivi. Lakini mwanga una pa kukopwa: pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), punguza kasi ya shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga) kwa kiasi ambacho watu hawatatikisika, au washa flashi. Chembechembe za ISO ya juu husafishika kwenye kompyuta. Uso uliopigwa nje ya fokasi haurudi.

Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alilipa gharama hiyo upande wa pili. Katika filamu yake ya Barry Lyndon ya mwaka 1975, alitaka vyumba vimulikwe na mishumaa peke yake, akatumia lenzi za Zeiss za f/0.7 zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA. Mwanga ulitosha, ila kina cha fokasi kilikuwa chembamba kiasi kwamba waigizaji walilazimika kujizuia kusogea.

Kubana sana nako kuna madhara. Kwenye f/16 na f/22 mwanga hutawanyika unapopita kingo za tundu dogo, na picha nzima hupoteza ukali. Kufungua sana nako hakufai kila mahali. Jua kali la mchana, kwa ISO 100 na f/2, hudai shata ya karibu sekunde 1/6400, ilhali kamera nyingi za bei nafuu hukomea 1/4000. Nguo nyeupe ya bibi harusi hugeuka doa tupu. Mpeleke kivulini, au bana tundu.

Simu ni habari nyingine. Nyingi zina tundu moja lisilobadilika, na ingawa huandikwa f/1.8, urefu wa fokasi ni milimita chache tu, hivyo karibu kila kitu hutoka dhahiri. Ukungu wa nyuma unaouona hutengenezwa na programu, ndiyo maana nywele na hereni wakati mwingine humezwa.

Mwenye kamera ageuze kitufe hadi alama ya A au Av, ambapo yeye huchagua tundu na kamera hupanga shata. Mtu mmoja, anzia f/2 au f/2.8. Wawili watatu walio sambamba, f/4. Ukoo wa safu tatu, f/8, na fokasi ilengwe safu ya katikati. Kabla watu hawajatawanyika, kuza picha kwenye skrini utazame uso wa aliye nyuma kabisa. Ukiwa na ukungu, bana tundu upige tena. Kesho hawatakusanyika kwa ajili yako.