Kupanga Ziara ya Makumbusho kutoka Butembo: Funzo la Mfupa wa Ishango

Neno makumbusho limejengwa juu ya kitenzi kukumbusha, na asili hiyo peke yake inatosha kumwonya mwalimu anayekusudia kuwapeleka wanafunzi wake huko. Mtu hawezi kukumbushwa jambo ambalo hajapata kulisikia. Mwanafunzi anayesimamishwa mbele ya kabati la kioo bila maandalizi yoyote huona vyungu na mifupa, kisha hurudi kwao na picha chache na uchovu. Makala haya yanakusudia kueleza namna ziara ya makumbusho inavyoweza kupangwa na mwalimu wa shule ya sekondari katika komini ya Mususa, mojawapo ya komini nne za mji wa Butembo, au na mwenzake wa Beni, ambako hakuna jumba kubwa la makumbusho ya taifa lililo karibu.

Kwa kawaida mipango huanza na nauli. Kwa maoni yetu, huo si mwanzo ufaao. Swali la kwanza ni hili: tunataka kuona kitu gani, na kitu hicho kiko wapi? Kwa mtu wa Butembo swali hili lina uchungu wake, maana kitu mashuhuri kuliko vyote vilivyochimbuliwa katika ardhi ya Beni hakipo Beni, wala hakipo Kongo.

Mwaka 1950 mtaalamu wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, alifanya uchimbuzi Ishango, mahali ambapo mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward, ndani ya hifadhi iitwayo leo Virunga. Miongoni mwa vitu alivyovipata ni mfupa mdogo wenye urefu wa sentimita 10 hivi, uliopachikwa kipande cha jiwe la kwatzi kwenye ncha moja. Mfupa huo umechanjwa mikato iliyopangwa kwa makundi katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya mikato 9, 19, 21 na 11. Ya pili ina 11, 13, 17 na 19. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Msomaji akijumlisha atapata 60, 60 na 48, yaani mikato 168 kwa jumla.

Maana yake ingali ikijadiliwa. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu, kwani safu ya pili ina namba tasa tupu, na katika ya tatu 3 hufuatwa na 6, na 4 hufuatwa na 8. Alexander Marshack, kwa upande wake, aliona kumbukumbu ya siku za mwezi. Wengine wanasema kwamba huenda mikato ilichanjwa ili mpini usiteleze mkononi. Umri nao umebadilika: mwanzoni ulikisiwa kuwa chini ya miaka 10,000, lakini vipimo vya baadaye vimeufikisha kwenye miaka 20,000 hivi au zaidi. Si mbali na hapo, huko Katanda kandokando ya Semliki, Alison Brooks na John Yellen walichimbua vyusa vya mfupa ambavyo mwaka 1995 vilitangazwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 90,000.

Leo mfupa wa Ishango umo katika Makumbusho ya Sayansi za Maumbile mjini Bruxelles. Mwanafunzi atakayeuliza kwa nini uko huko anastahili kujibiwa waziwazi: ulichimbuliwa wakati wa utawala wa kikoloni, ukapelekwa katika taasisi ya wachimbuzi. Kwa hiyo ziara ya kuuona haiwezekani kwa shule ya Mususa. Kinshasa kuna Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019 katika jengo lililojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini, lakini kutoka Kivu ya Kaskazini ni safari ya ndege, na gharama yake si ya darasa zima. Ishango penyewe pamo ndani ya hifadhi. Huendwi bila idhini ya wasimamizi wake, na usalama wa eneo hilo hubadilika mara kwa mara. Aidha, atakayefika ataona mto, ziwa na viboko, bali mfupa hatauona.

Inabaki Kampala. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, na tangu mwaka 1954 yamo katika jengo lake la Kitante lililosanifiwa na Ernst May. Kwa mtu wa Butembo mahali hapo si ugenini kabisa: Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo ni ndugu waliotenganishwa na mpaka, na lugha zao zinasikilizana. Humo pia mna vitu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, vilivyopelekwa Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia mmisionari John Roscoe, vikarudishwa mwaka 1962. Mwanafunzi aliyeudhika kwa habari ya mfupa wa Ishango ataviangalia kwa jicho jingine.

Kabla ya safari, darasa na litengeneze mfano wa mfupa. Kijiti cha sentimita 10 na kisu kidogo vinatosha. Kila mmoja achanje mikato 168 kwa makundi yaliyotajwa, kisha abishane na wenzake juu ya maana yake. Kazi hii ya saa mbili hufunza utazamaji kuliko hotuba ndefu. Hali kadhalika, maneno yaandaliwe. Katika Kampala maelezo ya kabatini yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali wanafunzi wetu wamesomeshwa kwa Kifaransa na nyumbani husema Kinande. Kiswahili ndicho kitakachobeba mazungumzo kati yao na mwenyeji, ikiwa mwenyeji huyo anakijua; hilo liulizwe mapema, kwa maana si kila mtu wa Kampala anakisema. Maneno kama chusa, visukuku, mfinyanzi, zeze na mhifadhi yasingoje kujifunzwa mlangoni.

Kuhusu njia, safari hupitia Beni hadi Kasindi, huvuka mpaka kuingia Mpondwe, kisha Kasese. Barabara ya Beni hadi Kasindi imeshambuliwa mara nyingi na makundi yenye silaha, na eneo la Beni limeona mauaji makubwa tangu mwaka 2014. Kwa hiyo tarehe isifungwe mpaka habari za njia zipatikane kwa wasafirishaji wanaoipita kila juma, na mwalimu awe tayari kuahirisha bila kuona haya. Kila mwanafunzi awe na hati ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na idhini ya mzazi iliyoandikwa. Wakazi wa Beni na Butembo waliopitia ugonjwa wa Ebola wa miaka ya 2018 hadi 2020 hawahitaji kuelezwa juu ya ukaguzi wa afya mpakani. Kiingilio nacho hutofautiana kwa raia, mgeni na mwanafunzi; barua iandikwe kuuliza kundi la Wakongomani litahesabiwa daraja gani.

Ndani ya jumba, msitembee kila chumba. Makabati matatu yaliyochaguliwa yanatosha kwa asubuhi moja. Kila mwanafunzi achore kitu kimoja kwa penseli, maana mchoro humlazimisha kuhesabu nyuzi za zeze au mistari ya chungu, jambo ambalo picha ya simu haimdai. Sehemu ya ala za muziki ipewe muda mrefu zaidi. Katika miaka ya 1950, chini ya Klaus Wachsmann, makumbusho hayo yalisifika kwa kuwaweka wapigaji miongoni mwa ala zao, na mgeni aombaye kwa adabu kusikia ala ikipigwa amefanya swali zuri. Vijiti vya Ishango vibebwe mifukoni, na mhifadhi aonyeshwe kimoja. Huenda akawa na maoni ya nne juu ya mikato ile.