Aparei Bei Rahisi, Batri Bei Kali

Siku hizi kijana anayetafuta kazi katika miji yetu ya mine, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na mingine, mara nyingi anawaza aparei ya foto. Na kweli kazi iko. Telefone zimejaa mikononi mwa watu, lakini siku ya arusi ao siku ya kupokea diploma, familia bado inataka mpiga foto wa kweli, na foto ya karatasi ya kutia ukutani. Basi papa anatoa feza aliyoweka, mama anaongeza ile ya likelemba, na kijana ananunua aparei iliyokwisha kutumiwa Ulaya ao Dubai. Nyumba nzima inafurahi. Wiki ya tatu, katikati ya arusi, kabla pete haijavaliwa, kioo cha aparei kinakuwa cheusi. Ukimwuliza kijana, anajibu: "Papa pasta, aparei iko muzima. Ni batri tu njo imechoka."

Ni batri tu! Neno hilo "tu" limekula feza ya jamaa nyingi. Tulipime leo, mimi na wewe.

Radio ya babu yako ilikuwa inakubali mapile ya duka lolote. Yakiisha, mtoto anatumwa na franka mkononi, anarudi, radio inaimba tena. Aparei ya foto ya leo haiko hivyo. Batri yake imetengenezwa kwa umbo lake peke yake, na chombo chake cha kushariji ni chake peke yake. Hata ndani ya fabrike moja, batri ya aparei hii haiingii katika aparei ya ndugu yake. Angalia Canon, jina ambalo vijana wetu wanalipenda sana. Kati ya mwaka 2008 na 2015, aparei zake za bei ya chini zilipita katika batri nne mbalimbali: LP-E5, kisha LP-E8, kisha LP-E10, kisha LP-E17. Kijana aliyeuza aparei yake ya kwanza ili anunue ya pili, batri alizobaki nazo zikawa vitu vya watoto kuchezea. (Na si vizuri wachezee, tutarudia jambo hilo.)

Lakini fabrike hiyohiyo ilifanya namna nyingine kwa wateja wake wakubwa. Batri LP-E6 ilitoka mwaka 2008 pamoja na aparei 5D Mark II. Mwaka 2020, aparei mpya kabisa, EOS R5, ilikuwa bado inaipokea batri ileile ya miaka kumi na miwili mbele yake. Unaona? Mtu mwenye feza nyingi aliachwa na batri zake, na mtu mwenye feza kidogo alilazimishwa kununua nyingine kila mara. Mimi naona hilo si haki, hata kama wanasema aparei ndogo inahitaji batri ndogo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza aparei iko na megapikseli ngapi, uliza kwanza: inakula batri gani, na batri hiyo inaingia katika aparei gani nyingine?

Sasa bei. Batri ya fabrike, LP-E6NH, ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa Marekani karibu dola 80. Ongeza safari yake mpaka kwetu, na faida ya muuzaji. Ndiyo maana sokoni kumejaa batri za fabrike nyingine, zenye umbo sawa na bei nusu ao chini ya nusu. Siwezi kusema zote ni mbaya, kwa sababu ziko nzuri zinazofanya kazi miaka. Lakini fabrike kubwa haziwapendi washindani hao. Mwaka 2009 Panasonic ilitoa programu mpya kwa aparei zake kazaa. Aliyeitia akakuta aparei inakataa batri zisizo za Panasonic. Walisema ni kwa ajili ya usalama. Batri LP-E17 nayo iko na kitu cha elektroniki ndani kinachojitambulisha, na batri nyingi za kuiga zinakataliwa na chombo cha kushariji cha Canon yenyewe. Basi wewe unayetumia batri za kuiga, usikimbilie kutia programu mpya katika aparei kwa sababu tu rafiki amesema ni nzuri.

Tufanye hesabu kidogo. Batri nzuri ya lithiamu inavumilia kushariji mara 300 mpaka 500 kabla nguvu zake hazijashuka sana. Tuseme 400. Canon iliandika kwamba aparei yake 1300D inapiga foto 500 hivi kwa batri iliyojaa. Mara 400 kwa 500 ni foto 200,000. Tukate nusu, kwa sababu batri inazeeka na maisha si karatasi: zinabaki 100,000. Kama uliinunua dola 50, kila dola moja imekupa foto 2,000. Sasa chukua batri ya dola 15 ya kuiga vibaya, inayotoa foto 200 kila mara, na inakufa baada ya kushariji mara 20. Ni foto 4,000 tu. Dola moja haifiki hata foto 270. Ile ya bei rahisi imekuwa ghali zaidi ya mara saba.

Lakini msomaji mwenye akili atasema: mpiga foto wetu anafanya arusi moja kila Jumamosi, anashariji mara moja ao mbili kwa wiki. Mara 400 ni miaka minne ao zaidi. Ju ya nini batri yake imekufa kwa mwaka mmoja?

Jibu ni kwamba kwetu batri nyingi hazifi kwa kazi. Zinakufa kwa namna tunavyozikalisha. Batri ya lithiamu iko na adui watatu. Wa kwanza ni joto: kuachwa ndani ya gari lililofungwa saa sita mchana, ao juu ya kabati chini ya mabati. Wa pili ni kukaa imejaa kabisa miezi mingi. Wa tatu, na huyu ndiye anaua haraka, ni kukaa tupu. Aparei hata ikizimwa inaendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Ukiiacha batri ndani yake tangu arusi za mwezi wa nane mpaka Noeli, nguvu inashuka chini ya mpaka, na siku unapotaka kuishariji, chombo kinakataa. Haijaharibika kwa kutumiwa, imekufa kwa kusahauliwa. Kwa hiyo, wakati hakuna kazi, itoe ndani ya aparei, iache na nusu ya nguvu yake, iweke mahali pa baridi ndani ya nyumba, na kila miezi miwili ao mitatu uitazame.

Wakubwa wetu waliofanya kazi na batri za kadimiamu watakuambia: "Uimalize kabisa kwanza, ndipo uishariji." Kwa batri zile walikuwa na sababu. Kwa lithiamu, hapana. Hii inapenda kujazwa kidogo kidogo, bila kufika tupu.

Tena kuna umeme wetu. Unakatika, unarudi kwa nguvu mara mbili, na chombo cha kushariji kinawaka moshi. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika kumi. Wenye jua juu ya nyumba wana raha zaidi. Na hapa kuna habari njema: tangu tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 2024, aparei mpya zinazoshariji kwa waya, zikiuzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya, zinapaswa kukubali waya wa USB-C, ule wa telefone nyingi za sasa. Aparei hizo zitafika katika masoko yetu polepole, kama kawaida, zikiwa zimetumika. Wewe unayenunua leo, itafute yenye tundu hilo kama mfuko unaruhusu.

Kama mfuko hauruhusu, iko njia nyingine ambayo vijana wanaidharau. Ziko aparei zinazokula mapile ya kawaida, yale madogo ya tochi: Canon PowerShot nyingi za jina la A, na hata aparei kubwa za Pentax, kama K100D ya mwaka 2006 na K-x ya mwaka 2009, zinazotumia mapile manne. Usizitie mapile ya bei ya chini kabisa; yanakufa kabla hujamaliza familia ya bwana arusi. Tia yale ya kushariji ya nikeli, na utafute aina isiyopoteza nguvu ikikaa, kama Eneloop zilizotoka mwaka 2005. Si aparei za kujionyesha, lakini pile haitakukosa.

Siku ya kununua, usikubali neno la "batri itakuja kesho". Chukua aparei pamoja na batri yake na chombo chake cha kushariji. Washa, piga foto kwa taa muda wa nusu saa, mbele ya muuzaji, hata akinuna. Aparei zinazotumia LP-E6 ziko na ukurasa ndani unaoonyesha afya ya batri kwa vipande vitatu: vitatu vya kijani ni muzima, kimoja chekundu ni kwamba imefika mwisho. Tazama pia namba iliyoandikwa juu ya batri. LP-E10 ya fabrike ni mAh 860. Ukiona umbo lilelile limeandikwa 2,000, anakudanganya. Na ikiwa tumbo limevimba, rudisha bila kubishana.

Kama yaya yako anakuletea batri kutoka Ulaya, mwambie aziweke katika mfuko anaoingia nao ndani ya ndege, si katika valizi ya chini. Batri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kule chini, kwa sababu ya moto.

Jambo moja bado, nalo linatugusa sisi wa huku. Batri ya lithiamu ya kwanza kuuzwa duniani ilitoka Japani, kwa Sony, mwaka 1991, nayo ilikuwa kwa kamera ya video. Ndani yake mlikuwa unga wa lithiamu na kobalti, uvumbuzi uliofanywa Oxford mwaka 1980. Watu watatu waliofungua njia ya batri hizo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Katika kila gramu 100 za unga huo, gramu 60 ni kobalti. Na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, inachimbwa katika Lualaba na Haut-Katanga. Inapita Kasumbalesa ndani ya magari makubwa, inarudi ikiwa batri ya dola 80.

Batri iliyokufa bado iko na kobalti yake yote. Kule Hoboken, Ubelgiji, kampuni Umicore ilifungua mwaka 2011 fabrike ya kuyeyusha batri kuukuu na kutoa kobalti ndani yake. Umicore ndiyo jina jipya, tangu 2001, la Union Minière, ile ambayo babu zetu waliifanyia kazi hapa. Kwetu, batri iliyokufa inatupwa ndani ya shimo la takataka, mtoto anaiokota na kuipiga kwa jiwe, na inawaka mkononi mwake. Funika vyuma vyake kwa skochi, itie ndani ya chupa kavu, mbali na watoto na mbali na moto.