Rangi ya Ng'ombe na Bei Yake: Makosa ya Matangazo ya Mifugo Kutoka Isansa Hadi Tunduma

Katika kata ya Isansa, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, ng'ombe hununuliwa kwa ajili ya mambo matatu ambayo mara nyingi hukutana katika zizi moja: maziwa, samadi ya kurutubisha mibuni, na maksai, yaani madume waliohasiwa, wa kukokota plau. Biashara hiyo zamani ilimalizikia mnadani, ambako mnunuzi alimzunguka mnyama, akampapasa kiwele na kumtazama meno kabla ya kutaja bei, lakini sasa sehemu yake inayokua imehamia katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, ambako mkulima wa kahawa anaoneshwa mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa, aliye Mbeya, Njombe au Tunduma kwa picha moja na mistari miwili ya maelezo. Katika mistari hiyo rangi hutajwa kwanza, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa kuwa rangi, ambayo kazi yake halali ni kumtambulisha mnyama mmoja kati ya wengi, hugeuzwa kuwa hati ya mbari yake, yaani ukoo wa mifugo wenye sifa zinazorithishwa kizazi hadi kizazi.

Tatizo hili si la ng'ombe peke yao. Ulaya na Marekani, wanakouzwa farasi wengi kwa matangazo, wauzaji hukosea rangi kila siku, hasa kwa farasi wanaozaliwa weusi au wa kahawia kisha wakageuka weupe kadiri umri unavyosonga. Tanzania ina farasi wachache, kwa sababu mbung'o hueneza nagana na visubi hueneza ugonjwa wa virusi unaowaua farasi kwa wingi, na kwa hiyo uzito wote wa suala hili unawaangukia ng'ombe.

Kosa lililo kubwa kuliko yote, na linalogharimu fedha nyingi zaidi, ni kuamini kwamba mabaka meusi na meupe ni ushahidi wa damu ya Friesian, mbari ya kigeni ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wa asili wa Tanzania, zebu wenye pembe fupi na nundu, wana karibu kila rangi inayopatikana kwa ng'ombe, na ingawa baadhi ya makundi yao hujulikana kwa rangi, kama wekundu wa Iringa, weupe wa Singida na wale wa Mkalama wenye rangi ya mchanga, zebu mwenye mabaka meusi na meupe ni jambo la kawaida kabisa. Kwa upande wa pili, chotara halisi wa kizazi cha kwanza, yaani ndama wa dume la Friesian na jike la zebu lenye rangi moja, mara nyingi hana mabaka hayo. Sababu yake iko katika urithi: jeni ya weusi aliyo nayo Friesian ni tawala, maana yake nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja hutosha kumfanya ndama awe mweusi hata kama mama yake ni mwekundu, ilhali mabaka meupe hayajitokezi kikamilifu mpaka ndama ayarithi kutoka pande zote mbili. Chotara huyo basi huwa mweusi karibu mwili mzima, akiwa na weupe kidogo tumboni, kwenye kiwele au miguuni. Mnunuzi anayechagua kwa kufuata mabaka anaweza kumwacha chotara mwenye nusu nzima ya damu ya Friesian, akamlipia zebu bei ya chotara, na hasara hiyo haitaonekana mpaka ng'ombe azae na kukamuliwa.

Urithi huohuo huzusha ugomvi wa aina nyingine. Wekundu ni jeni fichika, yaani inaweza kubebwa na mnyama mweusi bila kuonekana, na baadhi ya madume katika orodha za mbegu za Friesian huibeba. Wazazi wawili weusi wanaoibeba wote wanaweza kupata ndama mwekundu, kwa uwezekano wa mmoja kati ya wanne, na mfugaji aliyelipia uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu iliyogandishwa, humshuku mtaalamu kuwa amemuuzia mbegu ya dume jingine. Kinachoweza kuamua shauri hilo ni kadi ya uhimilishaji yenye jina na namba ya dume, na ni jambo la kusikitisha kwamba kadi hiyo huonekana mara chache sana katika tangazo, ilhali thamani yake inapita picha kumi.

Tangazo la kawaida husomeka hivi: "Mtamba Friesian mweusi na mweupe, mimba ya kwanza miezi sita, lita 20 kwa siku, bei maelewano." Kama mimba ni ya kwanza, mnyama huyo hajawahi kukamuliwa, na lita 20 ama ni za mama yake ama ni matumaini ya muuzaji. Picha nayo kwa kawaida huonesha ubavu mmoja, kichwa kikiwa kwenye hori na bega likiwa kivulini, ilhali begani ndipo penye nundu, ambayo Friesian halisi hana kabisa na chotara anayo ndogo. Ng'ombe aliyetoka shamba la serikali la Kitulo, wilayani Makete, linalofuga Friesian, huwa na kumbukumbu za wazazi, na muuzaji anayetaja asili hiyo hana sababu ya kutoonesha karatasi.

Rangi pia hubadilika, jambo ambalo matangazo hulisahau. Ndama wa zebu, wakiwamo wa mbari ya Boran, wanaokuja kuwa weupe au kijivu mara nyingi huzaliwa na wekundu hafifu, na madume huiva weusi shingoni na kwenye nundu wanapokomaa. Ng'ombe mweusi anayegeuka rangi ya kutu, hasa akiwa na duara hafifu kuzunguka macho mithili ya miwani, huenda anaugua upungufu wa madini ya shaba. Muuzaji akimwandika "mwekundu" anakuwa ameuza ugonjwa kwa jina la rangi. Yapo pia mambo madogo: vumbi jekundu la kiangazi humfanya ng'ombe mweupe aonekane wa kahawia, na kamera ya simu jioni hukuza wekundu.

Maelezo sahihi huanza na rangi ya msingi, kisha weupe ulipo na upande gani, ndipo hufuata rangi ya pua, ya kwato na ya usinga wa mkia, umbo la pembe na mikato ya masikio. Picha za ubavu wa kushoto na wa kulia zinahitajika zote, kwa kuwa mabaka ya pande mbili hayafanani, na hata ng'ombe waliozalishwa maabara kwa kunakiliwa vinasaba vilevile hutofautiana mabaka. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010 iliweka msingi wa alama za kudumu, na kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, imeleta hereni zenye namba ya kila mnyama. Namba hiyo ingepaswa kuwa mstari wa kwanza wa kila tangazo, hasa karibu na mpaka wa Tunduma na Nakonde ya Zambia, ambako maneno "ng'ombe mwekundu mmoja" yanaweza kumhusu mnyama yeyote kati ya mamia.

Kuna jambo moja linaloipa rangi yenyewe thamani ya kiuchumi, nalo ni joto. Manyoya meupe hurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua na meusi huinyonya, tofauti isiyo na uzito mkubwa katika uwanda wa Mbozi wenye ubaridi, lakini yenye uzito katika bonde la Ziwa Rukwa, lililo karibu mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Mfugaji wa Kamsamba, wilayani Momba, anayevutiwa na picha ya Friesian mweusi iliyopigwa nyanda za juu, ananunua mnyama atakayehema mchana kutwa, akala kidogo na kutoa maziwa kidogo, mara tu atakaposhushwa bondeni.