Neno Moja, Silabi Saba

Alfajiri, watoto wangu wa Gredi ya Pili hapa Bura huwa duksi, yaani madrasa, wakisoma herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Saa mbili wako mbele yangu na kitabu cha Kiswahili, mistari imegeuka. Nyumbani wanazungumza Kisomali, ambacho tangu 1972 kina maandishi rasmi ya Kilatini, ila x na c zake zina kazi nyingine: Xasan ni Hassan, Cali ni Ali.

Jicho la msomaji haliteremki mstarini kama maji ya Tana. Hutua, kama robo sekunde hivi, kisha likaruka. Likitua, msomaji wa Kiswahili hudaka herufi nyingi zaidi upande wa kulia. Wa Kiarabu, upande wa kushoto. Watoto hawa hugeuza tabia hiyo kila asubuhi, na hakuna anayewapa maksi kwa hilo.

Sasa andika ubaoni: wanasoma, wanasema, wanasimama. Herufi tano za mwanzo ni zilezile. Maana imejificha ndani. Mtoto akiona "wana" tu hubahatisha, "Wanakula!" (Kabla ya mapumziko ya saa nne, hilo ndilo jibu la wengi.)

Wakorea walipanga mambo vingine. Alfabeti yao, iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, hufunga kila silabi ndani ya kisanduku chake. Hanguk, jina la Korea Kusini kwa Kikorea, lina herufi sita, lakini jicho hukuta visanduku viwili. Tena shina hutangulia, viambishi vingi vikafuata nyuma. Sisi nasi tunafundisha ba, be, bi, bo, bu, ila ukurasa wetu hauonyeshi silabi inaishia wapi.

Na neno letu moja hubeba silabi nyingi. Ndiyo maana kuhesabu maneno kunapotosha. Mradi wa kusoma wa Tusome, ulioenea Kenya nzima kuanzia 2015, ulitumia kiwango cha msomaji hodari wa darasa la pili: maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, 45 kwa Kiswahili. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona Kiswahili kidogo, na ndicho rahisi?" Nikamwandikia: hawatatusomea. Neno moja, silabi saba. Kiingereza kingetumia maneno sita.

Basi mzazi, ukiletewa idadi ya maneno, uliza kwanza ni ya lugha gani. Kisha keti umsikilize mwanao akisoma. Akikwama katikati ya neno, usimtajie. Mwache amalize silabi zake.